Jaborandi: Jina Moja, Mimea Mingi

Miongoni mwa matatizo yampatayo mfasiri wa vitabu vya dawa ni lile la jina moja kubeba mimea mingi. Historia ya jaborandi yatufunza jambo hilo waziwazi.

Neno hili lina asili ya Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazili. Wao waliita hivyo mimea kadhaa ambayo ikitafunwa hutoa mate mengi. Baadhi ni ya jamii ya mpilipili manga. Mingine ni vichaka na miti midogo ya msituni ya jenasi Pilocarpus, iliyo katika jamii ya michungwa. Kwa wenyeji hapakuwa na kosa, kwani jina lilitaja kazi ya mmea, wala si ukoo wake.

Katika miaka ya 1870 daktari wa Kibrazili, Symphronio Coutinho, alipeleka majani ya jaborandi Paris. Waganga walistaajabia jasho na mate yaliyowatoka wagonjwa, na wafanyabiashara wakaanza kuyaagiza kwa jina hilo hilo. Mwaka 1875 Hardy huko Ufaransa na Gerrard huko Uingereza, kila mmoja peke yake, walitenga kiini cha dawa hiyo, yaani pilokapini. Muda mfupi baadaye Adolf Weber, daktari wa macho Mjerumani, alionyesha kuwa hupunguza presha ya jicho. Ndiyo sababu matone yake yakawa tiba ya glakoma, maradhi yapofushayo.

Hapo ndipo jina lilipogeuka kuwa hatari. Aliyeuziwa jaborandi ya jamii ya mpilipili manga hakupata pilokapini. Na aliyepata ya kweli, akizidisha kipimo, aliweza kudhoofisha moyo na kubanwa pumzi.

Hata kwetu neno mjafari hutumika kwa zaidi ya spishi moja ya jenasi Zanthoxylum, nayo ni ya jamii hiyo hiyo ya michungwa. Basi si haki kulilaumu neno la wenyeji. Lawama ni ya anayelihamisha bila kueleza mipaka yake.

Kwa hiyo yafaa tuseme mjaborandi kwa mti, jaborandi kwa majani yauzwayo, na pilokapini kwa dawa. Tena, neno la kwanza lisiandikwe katika kitabu cha tiba bila jina la kisayansi kando yake. Mgonjwa hanywi istilahi, lakini aweza kudhurika kwayo.