Mtu ni Afya: Funzo la 1973 Juu ya Kauli ya Kiongozi

Tunapochunguza historia ya vita vyetu dhidi ya maradhi, hatuna budi kuanza na swali la kisiasa: nani anasema na nani, na kwa madhumuni gani? Chini ya ukoloni jibu lilikuwa rahisi. Bwana afya alikuja na amri, na asiyechimba choo alitozwa faini. Mwananchi alichimba shimo kwa kuogopa faini, si kwa kuogopa kuhara damu. Hakuna aliyejishughulisha kumweleza uhusiano wa shimo na ugonjwa.

Baada ya Uhuru maradhi yalitajwa kuwa adui wa taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Lakini kumtaja adui si kumpiga. Mwaka 1973 malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu vilikuwa vingali vinaua watu wetu, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ingeweza kuzuiwa kijijini kwenyewe. Ndipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikishirikiana na TANU na wizara zinazohusika, ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya.

Kwa majuma 12 Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya kampeni. Hata hivyo redio haikuachwa iseme peke yake. Wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo mafupi. Walisikiliza, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake kitabu, kisha wakajadiliana: maji yetu tunateka wapi? Mbu wanazaliana wapi? Baada ya mjadala kikundi kiliamua la kutenda. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Wako wanaodhani kuwa siri ilikuwa redio. Sisi hatukubali. Redio hiyo hiyo ilikwisha kutangaza hotuba nyingi ambazo hazikuchimba hata shimo moja. Safari hii kauli ya juu ilikutana na maswali ya chini, ikaishia katika kazi ambayo mkulima aliiweza kwa jembe lake mwenyewe. Kiongozi anayewaambia watu wachemshe maji lazima ajue kuni zinatoka umbali gani, na ni nani anayezibeba. (Na asiye na choo kwake, anyamaze kwanza akachimbe.)

Hatusemi kwamba yote yalifaulu. Mahali pengine vyoo vilichimbwa wakati wa kampeni, mvua zikavibomoa, na hakuna aliyerudi kuuliza. Mwaka 1977 kipindupindu kilipotuvamia kwa nguvu, kilikuta maji machafu bado yapo. Wakati kama huo kishawishi cha kurudia lugha ya bwana afya huwa kikubwa. Lakini kiongozi anayetanguliza faini hufichwa wagonjwa, na kipindupindu huweza kumwua mtu kwa saa chache, kabla taarifa haijafika zahanati.