TV kubwa ya mtumba: bei ya haki inapigwaje?

Msikilizaji, tuseme unataka kufungua kibanda umiza kijijini kwenu kabla ligi haijaanza. Dalali wa mjini anakutumia picha kwa WhatsApp: TV bapa ya inchi 55, imetumika miaka mitatu, anataka shilingi 1,200,000. Anakwambia mwenyewe aliinunua 1,800,000, kwa hiyo wewe unaokoa laki sita nzima. Fedha ya mavuno ipo mfukoni na vijana wanauliza kila siku. Ulipe?

Alichotoa mwenye TV miaka mitatu iliyopita hakikuhusu. TV bapa zimekuwa zikishuka bei kwa miaka mingi, na zinazotoka sasa mara nyingi ni bora kuliko zile za zamani. Kwa hiyo anza na maduka mawili matatu ya mjini: TV mpya ya ukubwa huohuo na hadhi hiyohiyo inauzwaje leo? Tuseme unaambiwa 1,250,000, tena na waranti ya mwaka mmoja. Hapo unaona kwamba dalali anakudai karibu bei ya mpya kwa kitu kilichokwisha kuchakaa na kisicho na waranti.

Hakuna jedwali rasmi la bei za TV za mtumba. Kipimo chetu sisi ni hiki: iliyotumika mwaka mmoja isizidi theluthi mbili za bei ya mpya ya leo, ya miaka miwili mitatu isizidi nusu, na ikifika mitano ni robo. Hiyo ni kwa TV iliyokaa sebuleni. TV ya baa ni habari nyingine. Ikiwaka saa 14 kwa siku, kwa mwaka inafanya zaidi ya saa 5,000, wakati ya nyumbani inayowaka saa 4 haifiki 1,500. Mwaka mmoja wa baa ni kama mitatu na nusu ya sebuleni, basi uliza ilikuwa inakaa wapi.

Baada ya hapo ndipo unapunguza kasoro, na kasoro hazilingani. Kioo ndicho TV yenyewe. Kikipasuka, au kikiwa na mistari ya kusimama isiyoondoka, kukibadilisha kunaweza kukaribia bei ya TV mpya, kwa hiyo TV ya namna hiyo ina thamani ya vipuri tu. Taa za ndani, zile zinazomulika kioo kutoka nyuma, ni jambo jepesi zaidi, maana fundi mzuri hufungua na kubadilisha. Ukikuta TV ina sauti lakini haina picha, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo huenda ni kizima na taa ndizo zimekufa. Rangi nyeupe ikionekana ya bluu, taa zinaelekea kuchoka, basi weka kando fedha ya fundi tangu sasa.

Nenda na flashi yako yenye picha nyeupe tupu na nyingine nyekundu, uone kama kuna madoa au vivuli. Iache iwake nusu saa, kwa sababu hitilafu nyingine hujitokeza ikishapata moto. Chomeka king'amuzi kwenye kila tundu la HDMI. Pima kioo kwa futi kutoka kona hadi kona, bila fremu: inchi 55 ni sentimita 140, inchi 50 ni 127, inchi 43 ni 109. Wapo wauzaji wanaopima na fremu.

Turudi kwa dalali wetu. Nusu ya 1,250,000 ni 625,000. Umeona weupe una bluu, na fundi unayemwamini anasema taa zitagharimu kama 120,000. Rimoti imepotea, toa 15,000. Usafiri hadi kijijini ni 30,000. Inabaki 460,000. Anza na laki nne, na ukifika 460,000 simama hapo. Akikataa, mwache auze kwingine. Tofauti na bei yake ni 740,000, na kwa mkulima hayo ni magunia ya mahindi.

Kuna TV moja ambayo huonekana rahisi sana kumbe sivyo: plazma. Kampuni kubwa ziliacha kuzitengeneza miaka ya 2013 na 2014, lakini bado zinapatikana kwenye mitumba, kubwa na za bei ya kutupa. Soma kibandiko cha nyuma. Plazma ya inchi 50 inaweza kula wati 250 au zaidi, wakati ya LED ya ukubwa huo hula kama 100. Kwa wa sola tofauti hiyo ni kubwa mno: betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani kama wati-saa 600. Plazma itaimaliza kwa saa mbili na ushei, pengine mpira ukiwa kwenye dakika za nyongeza. Kwenye kibandiko hichohicho tafuta volti. Ikiandikwa 100-240V, sawa. Ikiandikwa 100V peke yake, ni ya soko la Japani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu itaungua.

Usilipie neno "smart" kabla hujafungua YouTube mbele ya muuzaji kwa bando lako. TV nyingi za zamani programu zake hazifunguki tena.

Usitume kianzio kwa simu kwa TV usiyoiona ikiwaka. Dai risiti ya awali, kwa sababu kununua mali ya wizi kunaweza kukufikisha polisi hata kama hukuiba. Kama risiti haipo, andikianeni mbele ya mjumbe au mtendaji: majina, namba za simu, namba ya TV iliyoko kwenye kibandiko, na bei. Njiani isimamishwe wima katikati ya magodoro, isilazwe. Na mkubaliane mapema, kabla fedha haijatoka, kioo kikipasuka barabarani hasara ni ya nani.