Kisanduku, amplifaya na runinga: picha inapokosekana, kosa liko wapi?

Saa za Doha ni zile zile za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Ufaransa, iliyochezwa katika uwanja wa Lusail, kaskazini mwa mji wa Doha, tarehe 18 Desemba 2022, ilianza saa kumi na mbili jioni kwa saa za Qatar, na saa kumi na mbili jioni vile vile kwa saa za Mombasa. Kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika nchi hiyo ya Ghuba hilo si jambo dogo: aliyeko ughaibuni na waliobaki nyumbani hushangilia bao moja kwa wakati mmoja.

Kinachotofautiana ni njia ambayo picha hupita hadi kufika kwenye kioo. Idhaa za michezo zilizoanzishwa Doha mwaka 2003 kwa jina la Al Jazeera Sport, na ambazo tangu mwaka 2014 zinajulikana kama beIN Sports, hupatikana kwa dishi na pia kupitia intaneti. Mpangaji wa chumba kimoja ghorofani ambaye hana mahali pa kufunga dishi hutegemea njia hiyo ya pili. Hununua kisanduku kidogo cha kupokea video za mtandaoni, kama vile Apple TV, Chromecast au Fire TV, akakichomeka kwenye amplifaya ya spika za sinema ya nyumbani, kisha amplifaya ikaunganishwa na runinga.

Amplifaya hiyo wauzaji huiita risiva. Haihusiani na risiva ya dishi. Kazi yake ni kupokea picha na sauti, kuibakisha sauti kwa ajili ya spika zake na kuipitisha picha kwenda kwenye runinga.

Mfuatano huo wa vifaa vitatu ndio unaowasumbua wengi. Skrini inabaki nyeusi, au picha inakuja bila sauti, au vyote viwili vinakatika kila baada ya dakika chache. Wapo wanaohitimisha mara moja kwamba amplifaya imekufa, wakaiuza kwa bei ya kutupa na kutumia mshahara wa wiki kadhaa kununua nyingine, ilhali kifaa chenyewe hakina ubovu wowote.

Waya unaozungumza

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, runinga na deki ziliunganishwa kwa waya za rangi tatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Waya hizo hazikuuliza swali. Upande mmoja ulisukuma mawimbi ya umeme, upande wa pili ukayapokea. Waya ukiwa mbovu, picha ilikuwa na chenga, lakini ilionekana.

Mwezi Desemba 2002 makampuni saba, yaani Hitachi, Panasonic, Philips, Silicon Image, Sony, Thomson na Toshiba, yalitoa toleo la kwanza la HDMI, kebo moja yenye pini 19 inayobeba picha na sauti kwa pamoja. Pini hizo si zote za picha. Baadhi zipo kwa ajili ya mazungumzo kati ya vifaa, na mazungumzo hayo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo.

Kisanduku kinapowashwa hupiga hodi kwa kupeleka umeme mdogo wa volti 5. Runinga hujibu kwamba ipo. Kisha kisanduku husoma kutoka kwenye runinga orodha ya uwezo wake: ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde na aina za sauti inazozielewa. Mwisho huja ukaguzi wa HDCP, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Intel kuzuia filamu zisinakiliwe. Kila kifaa hutakiwa kuthibitisha kwamba kinaruhusiwa kupokea picha. Hatua moja ikishindikana, mtazamaji haoni picha yenye chenga. Haoni kitu kabisa.

Amplifaya ikiwekwa katikati, mazungumzo huwa ya watu watatu. Kisanduku hakiongei tena na runinga moja kwa moja, bali na amplifaya, ambayo hulazimika kuzungumza na pande zote mbili. Runinga inaweza kuwa mpya na kisanduku kipya, lakini kama amplifaya ni ya zamani, hiyo ndiyo inayoamua.

Kuvunja mfuatano

Hatua ya kwanza ni kuanzisha mazungumzo upya. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa kuwa kifaa kilichozimwa hivyo bado kinapata umeme na kinakumbuka makosa yake. Vifaa vyote vitatu vichomolewe ukutani kwa dakika chache, kisha iwashwe runinga kwanza, ifuate amplifaya, na kisanduku kiwe cha mwisho. Kwa njia hiyo, kila anayepiga hodi humkuta mwenyeji wake ameshaamka.

Ikiwa hali haijabadilika, amplifaya itolewe katikati na kisanduku kichomekwe moja kwa moja kwenye runinga. Jaribio hili la dakika mbili lina thamani kuliko ubashiri wa fundi yeyote kwa simu. Picha ikionekana, kisanduku na runinga vimeondolewa shaka. Kinachobaki ni amplifaya, tundu lililotumika au kebo ya pili. Picha isipoonekana, amplifaya haina hatia, na uchunguzi uhamie kwenye kebo, kwenye tundu la runinga au kwenye umeme wa kisanduku chenyewe.

Hapo kwenye umeme wa kisanduku pana mtego. Vile visanduku vidogo vinavyoning'inia nyuma ya runinga mara nyingi huchomekwa kwenye tundu la USB la runinga hiyo ili kuokoa soketi. Matundu mengi ya aina hiyo hutoa nusu ampea tu, kiasi kisichotosha kila wakati. Matokeo yake kisanduku hujizima na kujiwasha katikati ya filamu. Dawa ni kukitumia na chaja yake kilichokuja nayo.

Jambo jingine la kutazama ni pale picha inapopotelea. Menyu ya kisanduku ikionekana vizuri lakini filamu ikawa nyeusi mara tu inapoanza, mara nyingi tatizo ni ule ukaguzi wa HDCP, maana menyu kwa kawaida hailindwi. Menyu nayo isipoonekana, kebo, tundu au umeme ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Yakitokea maandishi kwamba kipindi hakipatikani katika nchi hiyo, waya hauna kosa. Hilo ni suala la haki za matangazo, na ndilo linalomkuta mtu aliyehamia Ghuba akiwa na akaunti aliyoilipia nyumbani. Kiduara kinachozunguka bila kikomo nacho ni habari ya kasi ya intaneti, si ya HDMI.

Picha kubwa, kebo nyembamba

Picha ya 4K ina pikseli zipatazo milioni 8, mara nne ya zile za 1080p, na inapopelekwa kwa fremu 60 kwa sekunde huweza kuhitaji hadi gigabiti 18 kila sekunde. Kebo iliyotumika kwa miaka 10 bila malalamiko huweza kushindwa mzigo huo. Dalili zake ni vidoti vinavyometameta, picha kukatika kwa sekunde moja au mbili, au giza.

Njia rahisi ya kulithibitisha ni kuingia katika mipangilio ya kisanduku na kushusha picha hadi 1080p. Kila kitu kikitulia, kebo ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kebo fupi ni bora kuliko ndefu, hasa panapozidi mita tano. Kwa mzigo wa gigabiti 18 inafaa yenye maandishi Premium High Speed. Kwa vifaa vya HDMI 2.1, toleo lililotangazwa mwaka 2017 na linaloweza kupitisha hadi gigabiti 48, inahitajika yenye maandishi Ultra High Speed. Dhahabu inayong'aa kwenye ncha na bei ya kutisha haziongezi ubora wa picha.

Runinga nayo ina siri yake. Nyingi hutoka kiwandani huku matundu yake yakiwa yamewekewa kikomo, na mtumiaji hulazimika kuyafungulia mwenyewe. Samsung huuita mpangilio huo Input Signal Plus, na LG huuita HDMI Deep Colour. Katika baadhi ya runinga ni tundu moja au mawili tu yenye uwezo kamili.

Kwa upande wa amplifaya, mpaka mkubwa ni toleo la HDCP 2.2, lililotolewa mwaka 2013 kwa ajili ya picha za 4K. Amplifaya zilizotengenezwa kabla ya hapo haziwezi kupitisha filamu za 4K zinazolindwa, na hata baadhi ya zile zilizouzwa katika miaka miwili iliyofuata hazikuwa nalo. Hakuna mpangilio wa kulisahihisha hilo.

Ni kweli pia kwamba mara nyingine kosa hutoka kiwandani. Mwishoni mwa mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya amplifaya mpya zenye HDMI 2.1 zilitoa skrini nyeusi zilipopokea picha ya 4K ya fremu 120 kwa sekunde kutoka kwenye mashine ya michezo ya Xbox Series X. Watengenezaji walilazimika kutoa vifaa vya ziada au kubadilisha bodi za ndani. Lakini kisa hicho kilihusu michezo ya kompyuta; filamu na mpira havitumwi kwa kasi hiyo.

Picha ipo, sauti haipo

Anayetazama kupitia programu zilizomo ndani ya runinga yenyewe anahitaji sauti irudi nyuma, kutoka kwenye runinga hadi kwenye amplifaya. Kazi hiyo hufanywa na ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Mara nyingi ni tundu moja tu la runinga lenye uwezo huo, nalo limeandikwa ARC au eARC. Kebo ikiwa kwenye tundu jirani, picha itapita kama kawaida na spika zitakaa kimya.

Runinga pia iambiwe kwamba sauti itoke kwenye spika za nje, na mfumo wa CEC, unaoviwezesha vifaa kuamrishana, uwashwe pande zote mbili. Kila kampuni imeupa CEC jina lake: Anynet+ kwa Samsung, Simplink kwa LG, Bravia Sync kwa Sony. Ni mfumo wenye manufaa na kero. Ukiona runinga inajizima yenyewe au inahama chaneli bila kuguswa, huo ndio wa kuzimwa kwanza.

Kimya kingine husababishwa na lugha. Runinga hutuma sauti kwa muundo ambao amplifaya haiuelewi. Kuchagua PCM katika mipangilio ya sauti ya runinga huleta sauti mara moja, ijapokuwa kwa njia ya ARC itakuwa ya spika mbili badala ya sita.

Filimbi ya mwamuzi inaposikika kabla haijapulizwa, runinga inachelewesha picha kwa kuipamba. Amplifaya nyingi zina mpangilio wa kuichelewesha sauti kwa milisekunde, mpaka viwili hivyo vikutane.

Kutoka Najma hadi nyumbani

Joto la Doha hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Amplifaya iliyofungiwa kabatini katika chumba kilichozimwa kiyoyozi hujizima yenyewe ili isiungue, na mwenyewe akadhani imeharibika. Nafasi ya hewa juu yake ni lazima. Nyuzi za waya za spika zikigusana nyuma yake, nazo huleta dalili ile ile.

Wengi hununua vifaa hivi vikiwa vimetumika, katika masoko kama Souq Al Haraj la eneo la Najma, wakinuia kuvipeleka Afrika Mashariki. Kwa umeme hakuna shaka: Qatar hutumia volti 240 na plagi ya pini tatu bapa, iliyozoeleka Kenya, Uganda na Tanzania. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani, cha volti 120 pekee, kitaungua siku ya kwanza, hivyo kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Amplifaya isiyo na HDCP 2.2 inastahili kuuzwa kwa bei nafuu, na mnunuzi anayelijua hilo anaweza kufaidika. Kisanduku huchomekwa moja kwa moja kwenye runinga, na sauti ikapelekwa kwenye amplifaya kwa ARC au kwa kebo ya mwanga, aina iliyobuniwa na Toshiba mwaka 1983. Kebo hiyo hujaribiwa kwa macho: runinga ikiwa imewashwa, ncha ya pili hutoa mwanga mwekundu. Kwa ving'amuzi vinavyotoa picha ya HD ya kawaida, amplifaya hiyo haina upungufu wowote.

Nyumbani adui hubadilika. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, pamoja na radi inayoingia kwa waya wa dishi hadi kwenye king'amuzi na kupitia HDMI hadi kwenye amplifaya, huharibu matundu kabla ya sehemu nyingine. Stabilaiza husaidia upande wa umeme; kwa radi, kilicho salama ni kuchomoa waya wa dishi pia. Tundu moja likifa, mengine yajaribiwe. Hata yakifa yote, mwanga mwekundu wa ile kebo nyembamba huenda bado ukapita, kwa kuwa haupitishi umeme wa radi.