Msitu Karibu, Msumari Mbali: Historia ya Useremala Shabunda

Teritwari ya Shabunda ndiyo kubwa kuliko zote katika jimbo la Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo. Ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sehemu kubwa ni msitu wa mvua unaopitiwa na mto Ulindi ukielekea Lualaba. Wenyeji wake wengi ni Walega, ambao vitabu vya zamani viliwaandika Warega. Katika nchi hiyo fundi wa mbao hajawahi kukosa mti. Alichopungukiwa, tangu enzi za mababu mpaka leo, ni chuma na njia ya kukifikisha mikononi mwake. Kwa hiyo historia ya kazi yake ni historia ya namna vipande vya mti vilivyoshikanishwa: zama moja havikushikanishwa kabisa, zama nyingine vilishikwa kwa msumari, na leo vinashikwa kwa chochote ambacho ndege imeleta.

Mti mmoja, kitu kimoja

Katika zama za kwanza fundi alichonga, hakuunga. Mtumbwi, kinu, mwiko, ngoma ya gogo lililotobolewa na kigoda, kila kimoja kilitoka katika mti mmoja. Zana zilikuwa shoka, tezo na kisu, kazi ya wahunzi. Kilele cha kazi hiyo ni kigoda cha Walega, kisumbi. Juu kina kikalio cha duara kilichobonyea kidogo, chini kina kitako cha duara, na kati yake kuna miguu iliyopinda kwa nje. Miguu hiyo haikupachikwa. Mchongaji aliondoa mti wa katikati hatua kwa hatua mpaka miguu ikabaki. Mti mbichi hukatika kwa urahisi, lakini ukikauka haraka hupasuka. Kwa sababu hiyo kazi ya namna hii hukaushwa polepole kivulini. Faida yake ni kwamba katika hewa yenye unyevu mwingi hakuna kiungo cha kulegea, na kitu cha mti mmoja hudumu vizazi.

Kisumbi hakikuwa cha kila mtu. Kilikuwa mali ya bwami, chama kilichoshika uongozi, mafunzo na maadili ya Walega. Wanaume walipanda daraja baada ya daraja: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, hadi kindi, na wanawake walikuwa na daraja zao zilizoendana na za waume wao. Kila hatua ilikuwa na vitu vyake. Lukwakongo, kinyago kidogo cha mti, kilikuwa cha watu wa yananio, na sanamu ndogo za iginga zilionyeshwa katika daraja za juu. Kila kitu kiliambatana na methali na mchezo uliomfunza mwanachama mwenendo mwema. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyeishi miongoni mwa Walega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa juu yao mwaka 1973, alionyesha kwamba thamani ya kitu haikutokana na jina la aliyekichonga. Ilitokana na mwenye daraja aliyekimiliki, akakipaka mafuta miaka nenda miaka rudi mpaka kikang'aa, kisha kikarithiwa. Kwa maneno mengine, samani ya kuchongwa ilionyesha cheo. Kitanda cha kawaida cha kulalia kilikuwa cha fito zilizofungwa kwa kamba za msitu, na kila mwanaume aliweza kukitengeneza mwenyewe.

Randa kutoka pwani, msumeno kutoka misheni

Kazi ya kuunga mbao iliingia kutoka mashariki na kusini. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake kutoka pwani walijikita katika miji ya Nyangwe na Kasongo, na wafuasi wao Waswahili, walioitwa Wangwana, wakapenya Ulega wakitafuta pembe za ndovu. Uvamizi huo ulikuja na bunduki na utumwa, na pia ulikuja na Kiswahili, mpunga, nyumba ya pembe nne na maisha ya nyumbani ya mtindo wa pwani. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo lililouteka mji wa Kasongo mwaka 1893, aliandika kwamba hata askari wa kawaida walijikuta wakilala kwenye vitanda vya nakshi vyenye vyandarua vya hariri. Zana zinazotengeneza vitanda vya namna hiyo, yaani randa, patasi, keekee na msumeno, zina majina ya Kiswahili.

Utawala wa kikoloni ndio ulioufanya useremala uwe somo. Mapatano ya mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani yaliyapa mamisheni ya Kikatoliki ardhi, nayo yakatakiwa kufungua shule zenye mafunzo ya kilimo na kazi za mikono. Misheni yenyewe ilihitaji mafundi, kwa kuwa kanisa linataka mabenchi, shule inataka pupitri, na paa la bati au vigae linataka kenchi. Misumari, bawaba na kufuli vilifika kwa mizigo. Mbao hazikuwa na haja ya kusafiri. Zilipasuliwa palepale msituni.

Upasuaji ulikuwa kazi ya watu wawili. Gogo lilipandishwa juu ya jukwaa au kulazwa juu ya shimo. Uzi uliopakwa mkaa ulivutwa kutoka ncha moja ya gogo hadi nyingine, ukaachiwa ghafla, ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Mmoja alisimama juu akiufuatisha msumeno kwenye mstari, mwingine alikaa chini akiuvuta huku vumbi likimwangukia usoni. Wa juu akipotoka, ubao huwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na randa ndiyo hulipa kosa hilo. Mbao zilizokamilika zilipangwa zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite.

Mabadiliko hayo yaliigusa jamii kwa namna ambayo haikukusudiwa na mtu. Kiti cha mbao zilizoungwa hakikuuliza daraja la anayekikalia. Mwalimu, karani au katekista aliyekuwa na fedha aliweza kukiagiza. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku bwami, na wachongaji wakapoteza wateja wao wakuu. Vitu vingi vya chama vilifichwa, vingine vikaingia mikononi mwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Fowler la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, liliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Walega. Bwami yenyewe haikufa, lakini mchongaji hakuwa tena fundi wa mbao wa pekee kijijini.

Migodi na mji wa Bukavu

Msukumo wa pili ulitoka kwenye migodi ya dhahabu na kasiteriti. Makampuni ya Kibelgiji yaliyochimba Kivu na Maniema yalihitaji mbao za mifereji ya kuoshea mchanga, za madaraja na za nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1976 makampuni hayo yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kampuni ikaanza kudhoofika, na kazi nyingi za mshahara zikapotea.

Wakati huohuo Bukavu, ulioitwa Costermansville zama za ukoloni, ulikuwa umekua kuwa soko kuu la samani la jimbo. Nyumba za walowezi na za watumishi wa serikali zilitaka makabati, meza na milango ya kioo. Baada ya uhuru, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iliundwa mwaka 1964, nayo ikafika hadi Bukavu. Hata hivyo, mafundi wengi bado hujifunza kwa kukaa ateliye ya mkubwa wao: kufagia, kupiga msasa, kushika ubao unaokatwa, hatimaye kuachiwa kazi ndogo.

Hapo ndipo tofauti ya Bukavu na Shabunda ilipojitokeza. Bukavu upo kando ya ziwa Kivu, kwenye vilima vilivyokatwa miti ya asili zamani na kupandwa mikaratusi, misiprasi na migrevilea. Fundi wa Bukavu hupata bawaba na gundi dukani, lakini mbao ngumu humfikia kutoka mbali kwa bei ya juu, na mkaratusi usiokauka vizuri hujipinda. Fundi wa Shabunda ana mti wa muvula usioliwa na mchwa kwa urahisi, ana mti mzito wa limbali, na bado anaweza kukwama kwa sababu ya bawaba mbili.

Barabara ilipokatika

Kutoka Bukavu hadi Shabunda ni zaidi ya kilomita 300. Kwa miaka mingi barabara hiyo imekuwa mbovu kiasi kwamba magari hayapiti kwa uhakika, na vita vya 1996 na 1998 viliifunga zaidi. Bidhaa za dukani zimezoea kuja kwa ndege ndogo, na mzigo wa ndege hulipiwa kwa kilo. Samani iliyokamilika haiwezi kusafiri hivyo. Misumari, vitasa, vanishi na karatasi za msasa husafiri, kila kimoja kikiongezewa nauli yake.

Katika hali hiyo fundi hubana chuma. Kiungo cha ulimi na tundu, kinachokazwa kwa kigingi cha mti mgumu, hushika fremu ya mlango bila msumari hata mmoja. Msumari uliong'olewa hunyooshwa na kupigwa tena. Upasuaji nao umebadilika: msumeno wa mnyororo unaotumia petroli umechukua nafasi ya watu wawili na jukwaa lao. Unapasua haraka, lakini meno yake manene hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi, na ubao unaotoka huhitaji kupigwa randa zaidi. Msitu pia umewekewa mipaka. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilipanuliwa mwaka 1975 hadi kwenye misitu ya bondeni, ikachukua sehemu ya Shabunda. Na sheria ya misitu ya mwaka 2002 inataka mkataji awe na kibali.

Milango, vitanda, pupitri na majeneza ndizo kazi za kila siku za ateliye. Samani ya sebuleni huja baadaye, mteja akiwa na fedha.

Kabati la viatu

Miongoni mwa samani mpya za sebuleni, kabati la viatu lenye milango inayoinama kwa mbele linaonyesha vizuri ni wapi historia hii imefikia. Kiatu cha mwanaume hukaribia sentimita 30, na rafu ya kawaida huhitaji kina cha 30 hadi 35. Kabati la kuinamisha huvisimamisha viatu kwa mshazari, ndiyo maana kina cha sentimita 18 hadi 20 kinatosha kwa viatu vya kawaida, nalo hukaa nyuma ya mlango bila kuziba njia.

Kila mlango ni sanduku lililo wazi juu, linalozunguka kwenye ekseli mbili karibu na ukingo wake wa chini. Ugumu uko sehemu tatu. Kwanza, kona ya nyuma ya sanduku huchora upinde linapofunguka. Ubao wa pembeni ukiachwa na kona kali hugonga rafu ya juu. Fundi hufunga uzi kwenye kitovu cha ekseli, huchora upinde kwa penseli, kisha hukata kwa kuufuata. Pili, matundu ya ekseli lazima yalingane. Mbao mbili za pembeni hubanwa pamoja na kutobolewa kwa mara moja. Tatu, sanduku linahitaji kizuizi cha kulisimamisha likifika nusu ya njia, la sivyo hulala kabisa na kumwaga viatu.

Bawaba za dukani zikikosekana, ekseli huwa kigingi cha mti mgumu kilichopakwa nta, kizuizi huwa kipande cha mbao kilichogundishwa pembeni, na kishikio huchongwa. Kwa kuwa kabati ni jembamba na uzito wake huhamia mbele milango ikifunguliwa, hufungwa ukutani. Katika nyumba ya fito na udongo, skrubu huingizwa kwenye nguzo, si kwenye udongo.

Hesabu ngumu zaidi ni ya unyevu. Ubao karibu hauongezeki kwa urefu wake, huongezeka kwa upana, na mlango uliokazwa bila nafasi wakati wa kiangazi hukwama mvua zikianza. Milimita 3 kila upande huweza kuokoa kazi. Mbao zilizokaushwa miezi mingi kivulini hubadilika kidogo zaidi baada ya kuungwa, na kukausha hakugharimu nauli ya ndege. Gharama yake ni subira, na katika teritwari ambayo mti uko mlangoni na bawaba iko Bukavu, fundi anayejua kukausha mbao zake ana sehemu kubwa ya kazi mkononi kabla hajanunua chochote.