Sungusungu: Jina la Mdudu, Jina la Watu

Husimuliwa kuwa Dodoma ilipata jina lake kutokana na neno la Kigogo idodomya, yaani "imezama", kwa kumbukumbu ya tembo aliyedidimia matopeni. Ndivyo yazaliwavyo majina mengi: kitu huitwa kwa tendo lililowashangaza watu. Mdudu chungu naye hakuepukana na kanuni hiyo, na katika uwanda wa kati wa Tanzania jina lake moja limebeba historia nzito kuliko kiwiliwili chake.

Waingereza humwita ant. Neno hilo ni mabaki ya æmette la Kiingereza cha kale, na nduguye wa Kijerumani ni Ameise. Wanaisimu hulirudisha kwenye mzizi wenye maana ya kukata. Mdudu huyu, basi, ni mkataji, mwenye kuuma na kumega. Karne zimelipunguza neno hilo silabi baada ya silabi, hata Mwingereza wa leo hakisikii tena kisu kilichomo ndani yake.

Kiswahili hakikutosheka na jina moja. Kina sisimizi; kina siafu waendao kwa misafara; kina majimoto, ambaye kuuma kwake ni kama kumwagiwa maji yachemkayo; na kina sungusungu, mweusi mwenye kuuma vikali. Hapa kisu bado chasikika.

Kilisikika zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakawazidi nguvu wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi. Polisi walikuwa wachache na mbali. Wanavijiji wakajipanga wenyewe, kwa pinde, mishale na filimbi, wakajiita sungusungu. Jina liliwafaa: mmoja hupuuzwa, lakini wakikusanyika hakuna awezaye kusimama mbele yao. Mwizi alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa, asipewe hata moto wa kuwashia jiko. Mifugo ikalala salama, na mtindo huo ukaenea mikoa mingine.

Lakini jina halichagui sehemu moja ya maana yake na kuiacha nyingine. Mdudu aumaye hamuulizi amwumaye kama ana hatia. Baadhi ya vikundi viliwapiga washukiwa bila ushahidi, na vingine vikawaandama waliotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee. Kwa ajuza aliyesikia filimbi usiku, neno sungusungu halikuwa na maana ya usalama. Serikali ilijikuta kati ya kuwasifu na kuwashitaki, hata mwaka 1989 Bunge likapitisha sheria ya kuwatambua na kuwaweka chini ya mamlaka ya dola.

Siku hizi, katika miji na vijiji vingi, sungusungu ni ulinzi wa zamu wa mtaa, na vijana wengi hulijua neno hilo kwa maana hiyo kabla ya kumjua mdudu mwenyewe. Huenda nalo likafika lilikofika neno la Waingereza, likasahau asili yake. Ingekuwa hasara. Neno lingali linakumbusha kwamba watu wanyonge walipata nguvu kwa kuungana, na kwamba nguvu hiyo ilikuwa na meno.