Buni Moja, Punje Mbili

Juma lililopita nilikuwa stendi ya mabasi ya Bukoba nikanunua kifurushi cha buni kavu. Abiria mgeni akaniuliza, "Mzee, hizi nazo huliwa?" Nikamjibu, "Hutafunwa, bwana. Na zamani zilifunga undugu."

Kwetu Uhaya kahawa haikuanza kama kinywaji wala biashara. Robusta ni mti wa asili wa misitu ya Afrika, hata ile ya kandokando ya Ziwa Victoria, na wazee wetu waliupanda katikati ya migomba. Buni zilichumwa kabla ya kuiva sana, zikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa. Bibi yangu kule Muleba hakumwuliza mgeni habari za safari kabla ya kumwekea kikapu cha buni.

Heshima kubwa zaidi ilikuwa katika omukago, yaani undugu wa kuchanjiana. Buni moja ina punje mbili zilizolala tumbo kwa tumbo. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Tangu hapo kumsaliti mwenzako kulikuwa ni kujitakia laana.

Wajerumani walijenga boma Bukoba mwaka 1890. Kabla yao Abakama ndio waliodhibiti upandaji wa mibuni. Baadaye kahawa ikapandwa kwa wingi ili iuzwe, na tunda la heshima likageuka kuwa fedha ya kodi, ya ada za shule na ya mabati.

Je, kutafuna buni kuna faida mwilini? Ipo. Kafeini huondoa usingizi na uchovu, na robusta inayo karibu maradufu ya arabika. Ndiyo maana msafiri wa zamani hakuiacha nyumbani. Lakini buni si dawa ya kila ugonjwa kama wanavyodai baadhi ya wauzaji. Ukizidisha, moyo hudunda mbio na usingizi hupotea. Mama mjamzito atumie kidogo sana.

Na ile damu? Iachwe kabisa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, nasi tumezika wengi mno kujifanya hatujui.

Lakini tusitupe buni pamoja na damu. Majuzi huko Kamachumu nimewakuta ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, wakishitakiana kwa ajili ya mibuni michache ya urithi. Babu zao waliweza kumfanya mtu baki kuwa ndugu kwa punje moja. Hawa wamefanywa maadui na shamba zima.

Mgeni wako wa leo mwekee kikapu. Hata kama bei ya kahawa imepanda, punje ya pili si yako.

Hadi juma lijalo, kwaherini.