Kuona Ndani ya Maji: Historia ya Miwani ya Mbizi katika Mwambao wa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambao juu yake umekaa mji wa Sumbawanga kwenye kimo cha takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, unapakana pande mbili na maji yasiyofanana hata kidogo. Magharibi ardhi inashuka kwa kiasi cha mita 1,000 hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye kimo cha mita 773 na kina chake hufika mita 1,470, na ambalo maji yake, upepo ukitulia, huwa mangavu kiasi kwamba mtu aliye mtumbwini huweza kuuona mwamba ulio mita nyingi chini yake. Mashariki, bondeni, liko Ziwa Rukwa, ziwa la magadi lenye kina kifupi na maji ya tope, ambalo ukingo wake husogea mbele na kurudi nyuma kufuatana na mvua za miaka. Tofauti hiyo ndiyo inayotawala historia ya chombo kinachozungumziwa hapa, yaani miwani ya mbizi, kwa kuwa chombo hicho kilibuniwa mbali na Ufipa, lakini kilipofika katika mwambao wake kilibadilisha kabisa kile ambacho binadamu alikijua kuhusu maji ya magharibi, huku maji ya mashariki yakibaki kama yalivyokuwa.

Sababu ya kuhitaji kioo majini imo katika maumbile ya jicho lenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga ili taswira iangukie mahali pake nyuma ya jicho hufanywa na konea, yaani ule utando wa mbele unaopitisha mwanga, na kazi hiyo hutegemea mwanga kuingia kutoka hewani. Maji hupinda mwanga karibu sawa na konea, kwa hiyo jicho likiguswa na maji konea hupoteza nguvu zake karibu zote na mtu huona mawingu ya rangi tu badala ya vitu. Kioo bapa kinachobakiza hewa mbele ya jicho hurudisha nguvu hizo, ingawa hulipisha gharama ndogo, kwani vitu huonekana kana kwamba vimesogea kwa robo ya umbali wake na kukua kwa theluthi moja. Yapo mazoea yanayopunguza upofu huo bila chombo chochote: mwaka 2003 mtafiti Anna Gislén wa Sweden alichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Wamoken, jamii ya wavuvi wa pwani ya Thailand, akaonyesha kwamba watoto hao waliona chini ya maji kwa ukali unaozidi mara mbili ule wa watoto wa Ulaya, kwa sababu hubana mboni za macho yao hadi zikawa ndogo sana wanapozama. Hata hivyo ustadi wa namna hiyo una mpaka wake, na hauwezi kumfanya mtu ahesabu magamba ya samaki.

Wenyeji wa mwambao, kutoka Kirando na Kipili hadi Kasanga, walilijua ziwa kwa elimu ya juu ya maji, na elimu hiyo haikuwa ndogo. Walijua kwamba dagaa hufuata mwanga katika usiku wa giza, wakawavuta kwanza kwa mienge ya moto na baadaye kwa karabai. Walijua majira ya migebuka, na walijua kwamba upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi huchafua ziwa la kusini na kuyapandisha juu maji baridi ya chini, yenye rutuba inayolisha viumbe vidogo ambavyo dagaa huvila. Samaki waliokaushwa walipanda mteremko kwenda kwa Wafipa wa uwandani, ambao macho yao yalikuwa kwenye udongo, ulezi na malungu, yaani tanuri ndefu za udongo walizotumia kuyeyushia chuma. Lakini samaki wadogo wa mwambani, wasioingia nyavuni kwa wingi na wasio na nyama ya kutosha mboga, hawakuwa na sababu ya kuchunguzwa na mtu yeyote, na maisha yao yakapita chini ya mitumbwi bila kuonwa.

Wataalamu wa Ulaya hawakuona zaidi ya hapo. David Livingstone alipofika kusini mwa ziwa mwaka 1867 aliliandika kwa jina la Liemba, jina ambalo sasa ni la meli, wala hakuwa na namna ya kutazama chini ya uso wake. Mwaka 1896 Mwingereza J. E. S. Moore alifika kukusanya viumbe, na samaki aliowachukua walikwenda London ndani ya chupa za pombe kali, wakapewa majina na George Albert Boulenger. Miongoni mwao alikuwa Tropheus moorii, samaki wa miamba wa jamii ya siklidi, ambayo ni jamii ya perege, aliyeelezwa mwaka 1898 kwa jina linalomkumbuka mkusanyaji. Moore, kwa kuona konokono wanaofanana na wa baharini, alishikilia kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale, na safari ya William Cunnington ya mwaka 1904 na 1905 ikalazimika kuirekebisha dhana hiyo. Kosa la Moore linaeleweka, kwa sababu sayansi yake ilitegemea maiti: samaki aliyekaa katika pombe hupoteza rangi, wala hawezi kuonyesha alikolala, aliyemfukuza, wala mahali alipoficha watoto wake. Kwa zaidi ya nusu karne samaki wa Tanganyika walijulikana kwa hesabu ya miiba na meno yao, yaani kwa kila kitu isipokuwa maisha yao.

Kioo cha kuzamia, wakati huo, kilikuwa kikitafutwa kwingine, na njia yake ilijaa maumivu. Katika Ghuba ya Uajemi wapiga mbizi wa lulu, ambao katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 miongoni mwao walikuwamo Waafrika wa Mashariki waliopelekwa huko utumwani, walibana pua zao kwa kibanio kiitwacho fitam, lakini macho yao yaliachwa wazi kwa maji ya chumvi msimu baada ya msimu, na magonjwa ya macho yalikuwa sehemu ya kazi hiyo. Huko Japani wanawake wapiga mbizi wajulikanao kama ama walianza kutumia miwani ya vioo viwili mwishoni mwa karne ya 19, na hapo ndipo kasoro kubwa ya miwani ya aina hiyo ilipofichuka.

Kasoro hiyo inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha hadi leo miwani ya kuogelea na miwani ya mbizi, na wanunuzi wengi huichanganya. Kanieneo, yaani nguvu ambayo kwayo maji husukuma kila sehemu ya mwili, huongezeka kadiri mtu anavyozama. Baharini huwa maradufu ya ile ya juu ya maji katika kina cha mita 10, na Kasanga, kwa sababu ziwa liko juu na hewa yake ni nyepesi kidogo, huwa maradufu hata kabla ya mita 10 kutimia. Hewa iliyofungwa mbele ya jicho hutaka kusinyaa hadi nusu ya ujazo wake, na kwa kuwa kioo hakisinyai, upungufu hujazwa na mwili wenyewe: ngozi na jicho lenyewe hufyonzwa kuelekea kwenye kioo, mishipa midogo hupasuka, na weupe wa jicho hugeuka mwekundu kwa damu. Wajapani walijaribu kuitibu kasoro hiyo kwa vifuko vidogo vya mpira vilivyoongeza hewa katika miwani kadiri maji yalivyovibana, lakini dawa rahisi zaidi ilikuwa karibu kuliko walivyodhani, nayo ni pua. Pua ikiwa ndani ya chombo kilekile, mtu hupuliza kidogo kwa pua anaposhuka, na hewa ya mapafu hujaza nafasi iliyopungua.

Dawa hiyo ilipatikana miaka ya 1930 katika pwani ya kusini ya Ufaransa, mahali ambapo Mmarekani Guy Gilpatric alikuwa akizamia kwa miwani ya marubani aliyoiziba kwa gundi ya vioo, na ambapo Yves Le Prieur alikuwa ameshatengeneza kioo cha kufunika uso mzima. Mwaka 1938 Maxime Forjot alikuja na umbo ambalo halijabadilika sana tangu wakati huo, la kioo kimoja kinachofunika macho na pua pamoja na kuuacha mdomo huru. Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipounganisha umbo hilo na chombo chao cha kupumulia hewa ya mtungi mwaka 1943, mtu alipata uwezo wa kukaa chini na kutazama, na kutazama ndiko kulikokuwa kumekosekana Tanganyika tangu siku za Moore.

Barakoa ya kuzamia, kama chombo hicho cha kufunika macho na pua kinavyoweza kuitwa, iliingia ziwani hasa kwa mlango wa biashara. Mbelgiji Pierre Brichard alianza mwaka 1971, akiwa Bujumbura, kuwakamata samaki wa mwambani kwa wapiga mbizi na kuwasafirisha wakiwa hai kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani, na yale aliyoyaona chini ya maji akayaweka katika vitabu vyake vya mwaka 1978 na 1989. Kwa kuwa samaki wa miamba hawavuki fukwe za mchanga, kila kipande cha mwamba kina rangi yake, na wafanyabiashara wakalazimika kuitofautisha mizigo yao kwa majina ya vijiji. Hivyo ndivyo Kipili, Kala, Samazi na Kasanga, majina ambayo Mtanzania wa mkoa mwingine pengine hajawahi kuyasikia, yalivyoandikwa kwenye matangi ya kioo katika nyumba za Ujerumani na Japani. Inasikitisha kwamba umaarufu huo ulisafiri na samaki bila kurudi mwambaoni kwa namna ya kuwafaidi watu wake, ambao hadi leo wanawajua vizuri zaidi samaki wa kuliwa.

Elimu iliyofuata ilikuwa ya thamani kuliko biashara. Watafiti wa Japani, wengi wao wakiongozwa na Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walikaa saa nyingi chini ya maji wakiandika juu ya vibao. Mwaka 1986 Tetsu Sato aliripoti juu ya samaki wa jamii ya kambare anayepenyeza mayai yake kati ya mayai ya siklidi anayelea watoto kinywani, hata mama huyo akabeba bila kujua makinda ya mgeni yanayokula watoto wake. Mwaka 1993 Michio Hori alieleza juu ya samaki mla magamba, ambaye kinywa chake kimepinda upande, wengine kulia na wengine kushoto, na akaonyesha kwamba upande ulio na wachache hufanikiwa zaidi kwa kuwa mawindo hulinda zaidi upande unaoshambuliwa mara nyingi. Kusini, kwenye maji yanayopakana na Ufipa, yuko samaki mdogo kuliko kidole cha mtu mzima, Neolamprologus multifasciatus, anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono: huchimba mchanga kwa kinywa chake, akauchota na kuutema pembeni hadi kombe likazama na kubaki mlango tu, na akiona kivuli hutoweka ndani mara moja. Wavu humkokota yeye na kombe lake kama takataka. Jicho lililo nyuma ya kioo ndilo pekee linalouona mji wake.

Anayetaka leo kuchagua miwani kwa ajili ya mwambao huu anachagua, kwa hakika, kati ya majibu ambayo historia hiyo imeyatoa. Kwa kuogelea juujuu miwani ya vioo viwili inatosha, mradi mtu asizame nayo; kwa kuzama, pua lazima iwe ndani. Kioo kiwe kile kilichokazwa kwa joto, ambacho kikivunjika hakitoi ncha ndefu, na ukingo unaogusa uso uwe wa silikoni, iliyochukua nafasi ya mpira mweusi kwa sababu mpira hupasuka kwa jua. Kipimo cha kufaa ni cha zamani na hakijapitwa: barakoa hubandikwa usoni bila mkanda, mtu huvuta pumzi kwa pua, na ikishika bila kuanguka basi inaufaa uso huo, ghali au rahisi. Kwa wapiga mbizi wa mitungi lipo jambo la nyongeza linaloihusu Ufipa hasa, nalo ni kwamba barabara ya kurudi Sumbawanga hupanda mita 1,000 hivi, na mwili uliobeba naitrojeni ya kina kirefu unahitaji kupumzika ziwani kabla ya kupandishwa kwenye hewa nyepesi.

Juu ya maji hatari ni nyingine. Mwendesha kayaki wa Kipili, sawa na mvuvi, hupokea jua mara mbili, kutoka angani na kutoka majini, na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, ikiungana na upepo na vumbi huchangia kuota kwa kinyama juu ya weupe wa jicho, ambacho matabibu hukiita pterijiamu na ambacho kikiachwa huweza kufikia konea. Lenzi za kuchuja mng'ao, zilizotokana na kazi ya Edwin Land nchini Marekani miaka ya 1920 na 1930, huzuia mwanga ulioakisiwa na uso wa maji na kupitisha ule unaotoka chini yake, hivyo hulinda jicho na wakati huohuo huonyesha miamba kabla mtumbwi haujaigonga, mradi lenzi hizo ziwe pia na kinga ya miale hiyo, ziwe za plastiki ngumu ya polikaboneti, na zifungwe kwa mkanda.

Katika Ziwa Rukwa mambo hugeuka. Tope lake huzuia mwanga karibu sana na uso wa maji, kwa hiyo barakoa iliyo bora kuliko zote humwonyesha mwenye kuivaa rangi ya kahawia tu, na mamba walioko huko wanatosha kuiondoa hamu ya kujaribu. Kinachohitajika na jicho la mvuvi wa Rukwa kiko juu ya maji, ambako upepo, magadi na mng'ao vinamchoma mchana kutwa, na kama ana fedha za jozi moja tu, ni afadhali anunue miwani ya jua inayofunika pande za uso, ambayo hadi sasa wavuvi wengi wa bonde hilo wanafanya kazi bila kuwa nayo.